Dereva wa Safari ni Mimi

Siku watoto wangu waliponipangia kiti cha nyuma ndiyo siku niliyojua kwamba wamesahau mimi ni nani.

Walikuja Jumamosi mchana, wote wawili, na hilo peke yake lilitosha kunitia wasiwasi. Wakija mmoja mmoja ni kunijulia hali, wakija pamoja ni kikao. Mwanangu wa kwanza, ambaye sote tunamwita Meneja tangu alipopewa kusimamia ghala la saruji, alikuwa na karatasi tatu zilizochapwa na kubanwa pini. Dada yake ni nesi wa wodi ya watoto, na siku hiyo alikuja na uso ule wanaouvaa manesi wanapokuambia sindano haitauma.

"Mama, mpango wa safari umekamilika," Meneja akasema, akaziweka karatasi zake mezani, juu ya ramani yangu.

Juu ya ramani yangu! Ramani niliyoichora kwa mkono wiki mbili nzima, nikaweka alama kila mahali pa kusimama, nikaandika na saa za kufika. Niliziinua karatasi zake kwa vidole viwili, nikaziweka pembeni, nikavaa miwani.

Kisiwa chetu ni mlima mmoja wa moto uliochomoza baharini, basi. Hakuna kingine. Barabara nayo ni moja, inauzunguka mlima na kurudi ilipoanzia, kilomita mia mbili na kumi na nne. Ukisema unakwenda safari, watu wanakuuliza kitu kimoja tu, unazungukia upande gani. Na mimi, niliyetoa leseni kwa nusu ya madereva wa kisiwa hiki, sijawahi kuizunguka hata mara moja.

Usicheke. Nilikuwa mtahini wa madereva kwa miaka thelathini na moja. Kila siku ya kazi nilikaa kiti cha pembeni cha gari la mtihani, na ubao wa fomu mapajani, nikazungushwa mitaa ileile minne na watu wanaotetemeka. Watahiniwa sita kwa siku, saba wakizidi. Likizo ikifika nilikuwa sitaki hata kusikia mlio wa gari. Na marehemu baba yao, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kutapika garini hata injini haijawashwa.

Lakini wale niliowapasisha walikwenda, na wakirudi walinisimulia. Mchanga mweusi unaounguza nyayo. Chemchemi ya maji moto unakochemsha yai ukiwa umekaa tu juu ya jiwe. Uwanda wa mawe yaliyomwagika mlima ulipolipuka mwaka niliobeba mimba ya Nesi, barabara ikapasuliwa katikati yake, na mvua ikinyesha mawe yanatoa mvuke. Nilikuwa nasikiliza, natia saini fomu, namwita mwingine. Rohoni nikajiambia siku nikistaafu nitanunua gari, nitaweka ukoo wangu wote ndani, nitaizunguka barabara hii, na mkono utakaoshika usukani ni huu wangu.

Gari nikanunua, la viti saba. Sasa nilikuwa nasoma karatasi ya Meneja. Dereva, yeye. Dereva wa akiba, mke wake. Halafu chini kabisa, baada ya orodha ya mablanketi na dawa ya kuzuia kutapika, nikajiona: "Mama, kiti cha nyuma, upande wa sanduku la barafu."

"Hili sanduku la barafu," nikauliza, "nalo mmelifungia mkanda au mimi ndiye nitakayelishika?"

"Mama, usianze," Nesi akasema.

"Sijaanza. Nikianza utajua."

Meneja akakohoa kama anavyokohoa mbele ya wapakiaji wake. Akaeleza kwamba wameipunguza safari kutoka siku tatu hadi mbili, ili nisichoke. Kwamba uwanda wa mawe tutaupita bila kusimama, kwa sababu hakuna kivuli. Kwamba tutazunguka tukiwa upande wa mlimani, si upande wa baharini, kwa usalama.

"Upande wa mlimani utaona nini?"

"Mlima."

"Utaona ukuta wa mawe, mwanangu! Siku mbili za ukuta wa mawe! Bahari itakuwa ng'ambo ya malori. Sijasubiri miaka yote hii nikatazame ukuta."

"Mama, una miaka sitini na tisa."

"Naijua, niliihesabu mwenyewe, mmoja mmoja. Na ukinitajia tena umri wangu ndani ya nyumba yangu utaondoka hapa bila kunywa chai."

Nesi akanishika mkono. "Siyo umri, Mama. Ni nguzo."

Nilijua tu kwamba wataitoa nguzo. Mwezi uliopita nilikuwa naingia nyumbani, nikaikwaruza nguzo ya geti, taa moja ikavunjika. Jambo la dakika moja. Lakini tangu siku hiyo Meneja aliuchukua ufunguo wa gari "akakague breki", na breki zikakaguliwa majuma matatu.

"Nguzo ile iko karibu mno na geti," nikasema.

"Nguzo ni ya geti, Mama," Nesi akajibu, na Meneja akageuza uso ili nisione kwamba anacheka.

Hapo damu ikanichemka. Nikasimama, nikaenda chumbani, nikavuta droo ya chini ya kabati. Siku ya kustaafu niliondoka na bunda la fomu za mtihani, zile za zamani zenye vipengele ishirini na viwili, sijui hata kwa nini nilizichukua. Nikachomoa moja, nikarudi, nikaipiga mezani pamoja na kalamu.

"Haya. Mnasema siwezi. Mimi sijawahi kumwambia mtu hawezi kwa sababu ya nguzo wala mvi. Nilimpeleka barabarani, nikamtazama, nikaandika. Nami nataka hivyohivyo. Kesho asubuhi, Meneja, utanitahini."

"Mimi?"

"Wewe. Au unaogopa?"

Kuogopa alikuwa na haki. Kisiwa kizima kilikuwa na watahini wawili, na mwaka wa leseni yake mwenzangu alikuwa kalazwa, kwa hiyo mwanangu alikaa mbele ya mama yake na mama yake akamfelisha mara mbili. Mara ya kwanza hakutazama kioo. Mara ya pili alitazama kioo lakini akawa anajitazama yeye mwenyewe. Watu walinisema sana. Kazini waliniita Bi Chuma, na sokoni kuna mwanamke mpaka leo hanisalimii. Lakini hakuna aliyewahi kusema nimempasisha mtu asiyestahili, awe mtoto wangu au mtoto wa mkubwa wa mji. Hicho ndicho kitu pekee nilichotoka nacho kazini, na kinanitosha.

Tukakubaliana. Nikipasi, usukani ni wangu siku zote tatu, tunazunguka upande wa baharini, na uwanda wa mawe tunasimama hadi nichoke mwenyewe kuutazama. Nikifeli, nakaa nyuma nanyamaza.

"Utanyamaza?" Meneja akauliza.

"Nimesema."

Usiku huo nilimfundisha kujaza fomu. Nikamwonya kwamba mtahini haongei ila kutoa maelekezo, hacheki, hasaidii. Akiona kosa, anaandika. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, na nikaona jinsi alivyo na uso wa baba yake akishika kalamu.

Jumapili saa moja asubuhi tulitoka. Nesi alikaa nyuma awe shahidi. Nilivaa viatu vyangu vya kazi, vyenye soli nyembamba, nikarekebisha kiti, vioo vitatu, mkanda, nikatoa breki ya mkono. Acha nijisifu, maana hakuna atakayenisifia: nilitoka getini bila kuigusa ile nguzo. Kwenye mzunguko nikatoa ishara kwa wakati. Kwenye mteremko wa hospitali nikashuka na gia ya pili kama inavyotakiwa. Tukafika kilima cha mtihani, pale ambapo nimewaona wanaume wazima wakilia, nikasimamisha gari katikati ya mwinuko, nikaondoka, na gari halikurudi nyuma hata kwa upana wa kidole. Nyuma nilimsikia Nesi akisema "Haa!" kwa sauti ya chini. Nikaegesha kati ya mapipa mawili kwa kurudi nyuma mara moja tu. Meneja alikuwa anaandika, anaandika, na nilipomtupia jicho niliona kila mstari una alama nzuri. Mwili ukanisisimka. Nikaanza kuiona barabara ya kisiwa mbele yangu, bahari upande wangu, dirisha wazi, wajukuu wakipiga makelele nyuma na mimi nikiwaambia wakae chini.

Tulikuwa tunarudi, mtaa wa mwisho, nyuma ya soko. Lori limeegeshwa pembeni. Mbele ya lile lori akachomoza mtu na baiskeli, amebeba godoro kichwani, godoro limemfunika macho. Akaingia barabarani moja kwa moja, bila habari.

"Simama!" nikapiga ukelele.

Gari likasimama. Godoro likapita mbele ya boneti yetu, likayumba, likaendelea na safari zake. Mwenye godoro hakujua hata kama kulikuwa na gari.

"Loo! Afadhali ulivyompigia kelele yule," Meneja akasema, akasahau kwamba mtahini haongei. Nikamwona akiandika penye kusimama kwa dharura: vizuri sana.

Nilimalizia mtaa ule kwa gia ya kwanza.

Tulipofika nyumbani Meneja alijumlisha, akajumlisha tena, akaweka kalamu chini. "Mama," akasema, "umepasi. Vipengele vyote ishirini na viwili. Mimi mwenyewe sikuwahi kuendesha hivi." Akasimama akanikumbatia, mtoto mtu mzima, na Nesi akaanza kupiga vigelegele mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Meneja akaitoa ile karatasi yake ya mpango, akakata jina lake penye dereva, akaandika la kwangu.

Nami nilikuwa nimekaa tu, naitazama fomu.

"Mama, furahi basi!" Nesi akasema. "Hiki si ndicho ulichotaka?"

"Meneja, kaa chini," nikasema. "Yule mtu wa godoro, nilimpigia kelele nani?"

"Si yeye?"

"Hapana."

Wakatazamana. Nikawaeleza, na nilieleza polepole kwa sababu na mimi nilikuwa ndiyo kwanza nalielewa. Gari la mtihani lina breki mbili. Moja ya mtahiniwa, moja ya mtahini, huku pembeni. Na mtahini hakanyagi ovyo. Kwanza sauti, halafu mguu. Unasema "simama", unamwachia mtahiniwa nafasi afanye mwenyewe, na akishindwa ndipo unakanyaga wewe. Ile nafasi ndogo ndiyo inayokuonyesha kama mtu ni dereva au si dereva. Kwa miaka thelathini na moja nilisema simama, na kila mara kulikuwa na mguu mwingine wa kwanza, si wangu.

"Leo nilisema simama," nikawaambia, "halafu nikasubiri. Mimi niko kwenye usukani, nikawa namsubiri dereva akanyage."

Meneja akaivuta fomu, akasoma tena penye kusimama kwa dharura.

"Na siku ya nguzo nakumbuka nilipiga ukelele vilevile. Mkadhani nimeshtuka. Hata mimi nilidhani nimeshtuka."

"Lakini gari lilisimama, Mama," Meneja akasema. "Yule mtu hakuguswa. Hakuna aliyeona."

"Mimi nimeona."

"Ni kitu cha nusu sekunde!"

"Angekuwa mtoto badala ya godoro ungeniambia nusu sekunde?" Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Nesi, ambaye kila wiki anapokea watoto waliogongwa barabarani kwenye wodi yake, akainamisha kichwa. Yeye alielewa.

Nikachukua kalamu. Nitasema ukweli, mkono ulikuwa mzito. Nimewaandikia watu neno lile zaidi ya mara elfu tano, baadhi yao wakiwa na njaa ya kazi, baadhi wakinipigia magoti, na sikuwahi kujua lina uzito gani upande ule mwingine wa karatasi. Nililiona hapo, mezani kwangu, Jumapili, na chai inapoa. Iliniuma. Iliniuma sana. Nikapiga mstari juu ya "vizuri sana", nikaandika chini kwa herufi kubwa AMEFELI, nikatia saini yangu, ileile ya kazini, na tarehe.

Meneja hakusherehekea, hilo nampa. Alifuta uso kwa kiganja, akasema kwa upole, "Basi, Mama. Umefanya vizuri kusema. Nitaendesha mimi. Tutakwenda polepole, na upande wa baharini kama unavyotaka." Akanyoosha mkono kuchukua ufunguo uliokuwa juu ya ramani.

Nikaufunika kwa kiganja.

"Thubutu!"

"Mama, si umefeli?"

"Nimefeli. Nani kakuambia aliyefeli anazikwa? Soma hapo nyuma ya fomu, maandishi madogo. Mtahiniwa aliyefeli anaruhusiwa kurudi baada ya siku saba. Safari yetu ni lini?"

Nesi akahesabu kwa vidole. "Siku kumi na tatu."

"Saba ziko ndani na nyingine zinabaki. Wewe ulirudi, Meneja. Mara mbili. Kuna mtu aliyekuambia uende ukakae nyuma maisha yako yote?"

"Na ukifeli tena?" Nesi akauliza. Aliuliza bila ubaya, kwa hiyo nilimjibu bila ubaya.

"Nikifeli tena nitakwenda kukaa kiti cha nyuma kwa miguu yangu mwenyewe, na hamtanisikia nikinung'unika hata kilomita moja. Lakini nitajipeleka mimi. Si karatasi ya mtu mwingine, si nguzo, si kuhurumiwa. Mmenisikia?"

"Tumekusikia, Mama," wakasema pamoja, kama zamani wakiwa wadogo.

Jumatatu asubuhi nilikwenda chuo cha udereva, nikamwomba mwalimu wao vibao viwili vyekundu vya mwanafunzi. Alidhani ni vya mjukuu. Nikafunga kimoja mbele ya gari langu kwa waya, na kingine nyuma, watu wakiona. Jirani akatoka na mswaki mdomoni.

"Bi Chuma! Leo wewe ndiye mwanafunzi?"

"Ndiyo mimi. Cheka vizuri usije ukaumeza huo mswaki."

Meneja alifika kabla ya kwenda ghalani, na tai shingoni. Nikamwelekeza akae kiti cha pembeni, kiti changu cha miaka yote ile. Nikamwambia kazi yake ni moja. Tutakwenda barabara tupu ya nyuma ya uwanja wa mpira, na wakati wowote anaotaka, bila kunionya, aseme "simama". Asitazame kama kuna kitu au hakuna. Mimi nikisikia neno lile, mguu wangu uende. Neno na mguu, pamoja, mpaka mguu usahau ile tabia ya kusubiri.

Tukaenda. Mita mia mbili, mita mia tatu. Kimya.

"Simama, Mama, tafadhali," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

"Tafadhali ya nini? Mtoto kashagongwa hapo!"

Tukarudi mwanzo. Akasema tena, kwa sauti iliyopanda kidogo tu, na mguu wangu ukachelewa. Akasema tena, ukachelewa. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni. Mara ya nne, mara ya tano, mguu bado ulikuwa unangoja mtu. Nikagundua kinachomshinda mwanangu. Maisha yake yote, miaka arobaini na minne, hajawahi kunipandishia sauti mimi, hata nilipomfelisha, hata tulipomzika baba yake na mimi nikawa natukana kila mtu.

Nikazima gari katikati ya barabara.

"Nisikilize," nikasema. "Ukininong'oneza, unanilaza kiti cha nyuma. Ukinipigia kelele, unanipa usukani. Chagua."

Alinitazama. Akailegeza tai. Nikawasha, nikaingiza gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, upepo ukaanza kuingia dirishani.

"SIMAMA!"

Aliguta kwa sauti ambayo sijui alikuwa ameihifadhi wapi. Mguu ukaenda. Ukaenda wenyewe, sikuutuma, matairi yakalia, sote wawili tukatupwa mbele mikanda ikatukamata, na vumbi likatupita na kutuacha palepale. Nilikuwa sijasubiri mtu yeyote. Meneja alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, macho yamejaa machozi, anahema, hajui acheke au aniombe radhi.

"Samahani, Mama."

"Tena," nikamwambia, nikawasha gari.